Gauni la Vipimo vya Zamani

"Mwenzangu, huyo wa pili utamzaa lini?"

Ndivyo muuza mkaa wa mlango wa pili alivyomuuliza fundi cherehani, siku fundi alipotoka nje kwa mara ya kwanza kuanika nepi. Alikuwa mwanamke wa utani, kinywa hakina kufuli, na macho yake yalikuwa kwenye tumbo la fundi, ambalo lilikuwa bado limetangulia mbele utadhani hajajifungua.

"Wa pili yupi, dada? Nimezaa mmoja tu, yuko ndani kalala."

"Haya. Basi huyo mwenzake kajificha. Wengine wana haya, wanangoja wageni waondoke!" Akacheka, akarudi kwenye magunia yake.

Fundi naye akacheka. Akainama kuchukua nepi nyingine kwenye beseni, na hapo, chini ya kitovu, kitu kikampiga teke.

Hayakuwa maumivu wala msokoto wa njaa. Mwanamke aliyebeba mimba hawezi kulichanganya teke la mtoto na kitu kingine chochote. Lilikuwa teke laini, upande wa kushoto, palepale mwanawe alipokuwa akimpiga wakati yumo tumboni. Na wakati uleule, kutoka chumbani, mwanawe akaamka akaanza kulilia ziwa.

Nepi ikamponyoka. Hakumwambia mtu. Angeanzaje?

Yeye na mumewe walikuwa na duka moja la ushonaji. Mume anakata, mke anashona. Mume alisifika kwa jambo moja: mteja akishapimwa mara moja, hapimwi tena. Vipimo vyake vinakaa kichwani mwa mume huyo kama majina ya watoto wake. Wateja walilipenda hilo, walijiona watu muhimu. Na mkewe alipomtania kwamba siku moja atamkatia mtu mzima kaptula ya mtoto, alijibu, "Nitawakosea wote, lakini si wewe. Wewe nakukata hata nimefumba macho."

Lakini mwili ule aliokuwa anaujua, mkewe mwenyewe hakuuona tena. Viatu vilimkataa, kwani miguu ilikuwa imeongezeka. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Mstari mweusi ulishuka tumboni mwake, umenyooka kama alama ya chaki kabla ya mkasi kupita. Mtoto wa mtu mwingine akilia huko barabarani, mtoto asiyemjua hata sura, maziwa yalimtoka yenyewe, kana kwamba aliyeitwa si yeye bali mwili, na mwili umeitika bila kumuuliza. Alikaa ndani yake kama mgeni aliyepewa chumba cha mtu aliyesafiri, akiogopa hata kusogeza kiti.

Muda wa kupumzika ukapita, muuguzi akawaruhusu kurudiana kama mke na mume. Mumewe hakuwa na pupa. Alimsogelea kwa upole, mkono wake ukaenda kiunoni, pale ulipozoea. Ukafika, ukasimama. Ukapapasa kidogo, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vimehamishwa.

Teke likaja.

Akaukamata ule mkono, akautupa pembeni. "Usiniguse hapo!"

"Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Basi nimekukosea nini, mama watoto?"

Akageukia ukutani. Aliogopa mumewe asije akalisikia lile teke. Tena aliogopa zaidi asije asilisikie.

Akaenda kliniki. Muuguzi, mama wa makamo mwenye vidole vya joto, akamminya tumbo huku na huku. "Humu hamna mtu, mwanangu. Mfuko wa uzazi unajikunja, utumbo unarudi mahali pake, nyama zilizovutika zinatafuta pa kukaa. Wengi wanalisikia hilo teke, wengine kwa muda mrefu tu. Wanaona aibu kusema." Akamfunika kanga vizuri. "Mwili ulizoea kuwa wawili."

Akashukuru. Alitaka kuuliza na habari ya mume, akaona haya, akaondoka. Alipokuwa akishuka ngazi, akimwomba Mungu kimoyomoyo, akapigwa mateke tena, pole pole, kama mtu anayegonga mlango akijua mwenye nyumba yumo.

Kadiri siku zilivyopita ndivyo alivyozidi kuusukuma ule mkono, hata mume akaacha kuunyoosha. Asubuhi moja mke akamkuta anakunja mkeka na mto.

"Nahamia dukani kidogo. Upate kupumzika."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka utakaponitaka." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtu mwenye hasira hurudi. Huyu alikuwa anaondoka kwa adabu.

Basi mchana mmoja akamfunga mtoto mgongoni, akaenda dukani. Alipoinua pazia la mlangoni akasimama. Mbele ya cherehani yake palikuwa na mwanamke, kampa mgongo. Mabega yale aliyajua, kiuno kile alikijua, na nyonga zile. Alikuwa yeye mwenyewe, yule wa kabla ya mimba.

Mtoto mgongoni akaacha kunung'unika, akacheka, kile kicheko anachompa mama yake tu. Maziwa yakambubujika, blauzi ikalowa.

Ndipo alipoona kwamba mwanamke yule hana kichwa. Lilikuwa sanamu la kuvalishia nguo, na limevaa gauni jipya la kijani.

Mumewe akachomoza nyuma ya rafu, anatabasamu kwa wasiwasi. "Nimekushonea mwenyewe, kukata na kushona. Nilisema ukilivaa utajiona tena."

"Ulinipima lini?"

"Nikupime wewe? Nitakuwa fundi gani!"

Hakuwa na moyo wa kulikataa. Akampa mtoto, akalivua gauni kwenye sanamu, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Gauni likapita kichwani, likapita mikono, likafika kifuani, likagoma. Akavuta chini, halishuki. Akavuta juu, halitoki. Mikono ilikuwa imenaswa hewani, uso umo ndani ya kitambaa. Mle ndani palikuwa na joto, kana kwamba kuna mtu kalivua sasa hivi. Akahisi pumzi isiyokuwa yake. Kisha teke, kali kuliko yote.

"Baba watoto! Njoo, sipumui!"

Mume akamlaza mtoto kwenye kapu la vipande vya nguo, akafungua pazia. "Tulia. Usivute, mshono utachanika."

"Acha uchanike!"

Akachukua wembe, akaanza kuufumua mshono wa ubavuni, uzi baada ya uzi. Kitambaa kikaachia, mwanga wa mchana ukaingia, na kwa mara ya kwanza akaliona tumbo la mkewe lilivyo sasa: ngozi iliyolegea, mstari mweusi, michirizi kama njia za maji kwenye mchanga. Akaweka kiganja kuikinga ile ngozi na wembe.

Kiganja kikaruka. Wembe ukaanguka sakafuni.

Nje watu walipita wakizungumza mambo yao. Mke akatoa uso kwenye kitambaa, nywele zimetimka. "Umelisikia?"

Mume akakitazama kiganja chake. "Nimesikia."

"Ndilo nililokuwa nakuficha. Tangu nimzae huyu. Muuguzi anasema ni mwili tu."

"Nawe unasemaje?"

"Mimi naogopa."

Hakumcheka, wala hakumwambia ni utumbo. Alilitazama sanamu, sasa liko uchi pale pembeni, akamtazama mkewe. Mkono wake ukarudi, safari hii haukwenda mahali unapopajua. Ukangoja hewani.

"Mimi sijui nishike wapi," akasema. "Niambie unachotaka, mke wangu."

Akafikiri, gauni lililofumuliwa likining'inia shingoni.

"Chukua futi unipime upya," akasema, "toka begani mpaka chini, taratibu, kama mteja ambaye hujawahi kumwona."