Safu Iliyofutwa kwenye Ripoti ya Vanajakshi

"Vanajakshi, wewe ni mtu unayesali, na una mama mzazi. Ilikuwaje ukaichagua mashine ile?"

Swali hilo aliulizwa na Girijamma, jirani yake wa mlango wa pili hapa Bengaluru, asubuhi moja wote wawili wameinama kuchora maua ya unga mweupe mbele ya vizingiti vyao. Girijamma hakupaza sauti. Aliuliza polepole, unga ukimchuruzika vidoleni, na nadhani ndiyo maana liliuma. Siku nne kabla ya hapo mke wa kaka yake Girijamma, Mallamma, aliyejifungua huko Lingsugur, alikuwa amepiga simu ya ushauri wa akina mama. Mtoto alikuwa na siku tisa, mwili unawaka, titi halitaki. Sauti ya mashine ikamjibu kwa upole kwamba ampe maji mengi yenye ndimu na asubiri siku tatu.

Maji ya ndimu. Mtoto wa siku tisa.

Vanajakshi aliliacha ua lake nusu, akachukua mkoba, akaja kazini. Mimi ndiye ninayepika chakula cha mchana ofisini kwao, na siku hiyo alikaa jikoni kwangu kwenye kile kigoda karibu na magunia, sahani ya wali mbele yake, hakuigusa. Nimemjua miaka saba. Ni msichana anayekula.

Watu wengi wamesema mengi juu yake tangu wakati huo, na wengine hata hawajui kwao ni wapi. Kwao ni Manvi, kaskazini, kwenye joto na mtama. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga. Pale kwao kila mwanamke huja na nafaka yake kwenye debe lake, na anataka arudi na unga wake mwenyewe, si wa jirani. Vanajakshi alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mdomo wa kinu na brashi, kukisafisha kabla ya debe linalofuata, na kumwita kila mwanamke kwa jina lake unga wake ukitoka. Akichanganya, baba yake alikuwa akizima kinu mbele ya watu wote na kumwambia aseme kwa sauti, "Nimekosea, huu si unga wa fulani." Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuwa mzembe wa majina.

Kazi yake hapa ni ya kompyuta. Siku hizi mashine za akili mnemba, zile unazoziuliza kwa maneno zikakujibu kwa maneno, ni nyingi, na kila kampuni kubwa ina yake. Ofisi kama yetu haipendi kujifunga kwa moja, kwa hiyo inaweka katikati kitu wanachokiita lango. Swali linaingia langoni, lango linaamua lipeleke kwa mashine ya nani, jibu linarudi kwa aliyeuliza. Mashine moja ikizimika, lango linatafuta nyingine. Malango yenyewe nayo ni mengi, na kila muuzaji anaapa kwamba la kwake ndilo bora. Sasa shirika moja linalosaidia wazazi lilitupa kazi ya kuendesha simu ya ushauri ya akina mama wenye watoto wachanga, na Vanajakshi akaagizwa alinganishe malango matano aseme lipi linafaa.

Alichukua wiki sita. Wenzake wakamcheka.

"Vanaja, wewe unatafuta lango au mchumba?" Dileep, anayekaa meza ya jirani, alimuuliza.

"Mchumba akidanganya anadanganya mtu mmoja," alijibu bila kuinua macho. "Hili litadanganya wilaya nne."

Hakuyategemea majedwali ya wauzaji. Aliandika maswali mia mbili kwenye daftari la shule, kwa Kikannada cha kwao, vilevile mama yake anavyosema, kisha akatuita mimi na mfagiaji wetu tuyasome kwenye simu. Tulicheka sana siku hizo. Mfagiaji wetu alijifanya ana mapacha. Na sisi tukiwa katikati ya kuuliza, Vanajakshi alikuwa akiikata makusudi njia ya kwenda kwenye mashine kubwa, ile inayokijua Kikannada vizuri, aone lango litafanya nini.

Malango mawili yalisema wazi kwamba mashine haipatikani, yakaipeleka simu kwa nesi. La tatu lilimkabidhi muulizaji kwa mashine ndogo, likaandika kwenye kumbukumbu kwamba aliyejibu ni ndogo. La nne lilikuwa zito tu, kama mtu aliyeamshwa. La tano ndilo lilikuwa na skrini nzuri kuliko yote, rangi zinawaka kama duka la sari. Hilo lilihamia kwenye mashine ndogo kimya kimya, na kwenye kumbukumbu likaendelea kuandika kwamba aliyejibu ni kubwa. Na ile ndogo haikielewi Kikannada cha kaskazini. Haisemi haielewi. Inajibu tu, kwa sauti tamu, chochote.

"Akka, umeona?" aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, uso umemkauka. "Jibu ni la mwingine, jina wameandika la mwingine."

Akaongeza safu ya tano kwenye jedwali lake, akaipa kichwa: Je, lango linasema kweli ni nani aliyejibu? Mbele ya lango la tano akaandika: Hapana.

Nilikuwa napeleka kahawa siku alipoliweka jedwali mbele ya meneja wetu, Bwana Raghunandan. Muuzaji wa lango la tano alisoma naye chuo. Hilo ofisi nzima ilikuwa inalijua.

"Hii safu ya mwisho ya nini?" aliuliza.

"Inaonyesha kama lango linasema kweli ni nani amejibu, saar," alijibu, maana wakubwa wa ofisi tunawaita saar.

"Na nani atauliza hayo? Mama anayepiga simu anataka jibu. Hataki cheti cha kuzaliwa cha jibu." Waliokuwepo wakacheka. "Bila safu hii lango lipi ni la kwanza?"

"La tano, saar. Lakini..."

"Basi umeona mwenyewe."

Vanajakshi alidhani anamtania. Siku kumi baadaye ripoti ilipelekwa kwa shirika, safu nne, lango la tano juu kabisa, na chini yake: Imelinganishwa na kupendekezwa na Vanajakshi. Hakuonyeshwa. Aliiona lango likiwa limeshawekwa na simu zimeshaanza kupokelewa. Akaenda kulalamika. Bwana Raghunandan akamwambia kwa upole kabisa, "Tutarekebisha baada ya sikukuu. Usituharibie sikukuu." Naye akasema, sawa, sikukuu imebaki wiki moja tu.

Sikukuu yenyewe ni ile ya zana. Siku hiyo kwetu hakuna anayetumia chombo chake cha kazi; kinaoshwa, kinapakwa manjano, kinavishwa maua, kinapumzishwa. Iwe basi la abiria, cherehani, nyundo, hata kisu changu cha jikoni. Pale ofisini kompyuta zote zilipangwa kwenye meza ndefu, kila moja na alama nyekundu kwenye paji lake. Kuna skrini kubwa ukutani, ndiyo inayoonyesha hali ya lango, na ikitokea shida inakuwa nyekundu. Nayo waliizima, wakaifuta vumbi, wakaivisha shada la maua ya manjano. Nilisaidia kulishona shada hilo mwenyewe, Mungu anisamehe. Bwana Raghunandan akapasua boga jeupe mlangoni la kufukuza kijicho, tukala mchele wa bisi, watu wakapiga picha, wakaenda makwao wakiwa na furaha.

Mashine kubwa ilizimika saa tatu asubuhi ile, ikarudi saa tisa mchana. Hakuna aliyeona. Skrini ilikuwa imelala chini ya maua.

Nesi wetu, Sista Philomina, anayepokea simu zinazoishinda mashine, alikuwa amekaa kando ya simu yake tangu alfajiri, maana akina mama hawana sikukuu. "Haikulia hata mara moja," aliniambia baadaye, machozi yakimlenga. "Nikasema kumbe leo Mungu amewapa watoto wote afya. Nikatoa rozari yangu, nikashukuru." Kumbe lango lilikuwa likijibu lenyewe, kwa ile mashine ndogo, na kuandika jina la kubwa. Mallamma alikuwa mmoja wa waliopiga.

Aliyemwokoa mtoto ni mkunga mzee wa pale kijijini, aliyepita kuomba moto akaiona chupa ya maji ya ndimu. Alimtukana Mallamma, akaitukana simu, akampakia mama na mtoto kwenye pikipiki ya mwanawe. Mtoto alilazwa siku kumi na mbili. Yuko hai. Nashukuru, lakini shukrani yangu haipoozi hasira yangu.

Shirika likaja kuuliza. Wakakaa ukumbini, mimi nagawa chai. Bwana Raghunandan alifungua ripoti mbele yao.

"Kumbukumbu inaonyesha aliyejibu ni mashine kubwa," alisema. "Kwa hiyo kosa ni la waliotengeneza mashine kubwa. Na lango lilichaguliwa na mtaalamu wetu. Jina lake ni hili hapa."

Vanajakshi akasimama. "Mashine kubwa ilikuwa imezimika tangu saa tatu, saar. Mallamma alipiga saa tano. Imejibuje?"

Dileep alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Kaa chini, binti yangu. Tutazungumza baadaye."

"Usiniite binti yako. Jina langu unalijua. Ulilijua vizuri sana ulipolibandika hapo chini."

Mama mmoja mkubwa wa shirika aliuliza kama kuna ushahidi. Vanajakshi akalifungua daftari lake la shule mezani, lina alama ya manjano ya jikoni kwangu kwenye jalada, na akawaonyesha jedwali la safu tano. Bwana Raghunandan akasema daftari si ripoti. Mtu yeyote anaweza kuandika chochote kwenye daftari. Wakakubaliana kulitazama jambo hilo kwa undani. Wakamwambia Vanajakshi, kwa sasa, aandike barua ya kuomba radhi kwa kosa la kupendekeza, ili mambo yatulie. Na lango la tano, hadi wakati huo, liendelee kufanya kazi.

Yaani liendelee! Nikafikiri nimesikia vibaya.

Jioni ile alibeba daftari lake, akaenda kubisha kwa Girijamma. Nilifuatana naye kwa sababu aliniomba. Akamwonyesha ukurasa, akamweleza yote: wiki sita, safu iliyofutwa, sikukuu. Girijamma alisikiliza hadi mwisho, mtungi wa maji bado uko kiunoni.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukangoja sikukuu ipite."

"Nikangoja, Akka."

Girijamma aliuweka mtungi chini. Sikujua kama atamfukuza au atamkumbatia. Alisema tu, "Sasa usingoje tena," akaenda kumletea kigoda.

Kesho yake Vanajakshi alikuja jikoni na karatasi moja. Nilidhani ni ile ya kuomba radhi. "Isome wewe," aliniambia. "Wewe ukielewa, hakuna atakayesema hakuelewa." Nilifuta mikono, nikavaa miwani, nikasoma kando ya sufuria ya dengu. Nilielewa kila neno. Ameipeleka kwa shirika, nakala kwa Bwana Raghunandan, nakala kwenye ubao wa matangazo pale ofisini, na huu ni mwezi wa pili hajajibiwa. Kwenye ubao wameibandua mara nne. Mara tatu ameibandika tena, na mara ya nne niliibandika mimi. Imeandikwa hivi:

"Mimi Vanajakshi nililinganisha malango matano na nikaandika kwamba lango la tano halisemi kweli ni nani aliyejibu. Maneno hayo yalifutwa, jina langu likaachwa. Naomba safu iliyofutwa irudishwe kwenye ripoti, au jina langu litolewe. Na mpaka mtakapoamua, naomba simu zote za akina mama zipelekwe kwa nesi."