Moinaecha na Majani ya Mkunazi

Wifi yangu Moinaecha alikuwa mwosha maiti, na ukitaka kugombana naye njia ilikuwa moja tu: mletee majani ya kuoshea maiti yasiyo ya mkunazi. Mjini kwetu Mahajanga akifa mwanamke Mwislamu, awe wa Kingazija kama sisi au wa Kiantalaotra, Waislamu wa tangu zamani wa pwani ile, aliitwa yeye. Mimi ni Mariama, mke wa kaka yake, na miaka mingi nilimshikia kata ya maji, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Majani aliyafuata mwenyewe vichakani Belobaka, akinikokota na mimi. Wenzetu huko huchuma kunazi, wakala, wakatema kokwa, basi. Yeye alianza na jani. Aligeuza upande wa chini aone kama ni mweupe, wenye vinyweleo laini. Akatazama mishipa mitatu itokayo kwenye kikonyo, akatafuta miiba inayokaa miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda. Kisha akalifikicha kwa maji kiganjani mpaka litoe povu. Maua yake ni madogo, rangi ya kijani iliyofifia, yananuka vibaya, lakini nyuki huyang'ang'ania, na asali yake ndiyo aliyowapa wanawake waliotoka kujifungua. Mara nyingi nilimwambia kwamba maiti hana macho ya kukagua mishipa. Alinijibu kwamba ulimi wangu hauna mfupa, tukaendelea kuchuma.

Mtoto wake alikuwa mmoja, Zalia. Wengine aliwazika wachanga. Zalia aliolewa na Mbaé, kijana aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya langilangi huko kisiwani Nosy Be, akahamia kwake. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, kila mtu alikuwa na matumaini yake, na Moinaecha tumaini lake lilikuwa kumpakata mjukuu. Zalia akashika mimba. Siku moja baharia akaleta salamu zake: miguu imevimba, kichwa kinamuuma, na hana hamu ya chakula chochote ila kunazi za nyumbani. Nosy Be kuna mvua nyingi, mkunazi haupapendi. Baharia akanivuta pembeni akaniambia kwamba hali ya binti si nzuri, mama yake asichelewe.

Tulikwenda Belobaka siku ile ile. Alichagua kunazi ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi, ziweze kuvumilia safari ya meli, akajaza kikapu. Mimi nikaona matawi yana majani mazuri, nikanyoosha mkono nichume machache. Nikamwambia Zalia akijifungua atayataka ya kuoshea nywele. Wifi akanipiga mkono.

"Usinichurie mwanangu," akasema. "Mimi nikionekana na majani, watu huuliza nani amekufa."

Sikumbishia, maana ndivyo ilivyokuwa. Tukapanda meli na kunazi peke yake.

Tuliposhuka Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, asubuhi, Mbaé alikuwa amesimama gatini, macho mekundu. Zalia alikuwa amefariki alfajiri ile, yeye na kilichokuwa tumboni. Moinaecha hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale, kikapu mapajani, mpaka nikamwinua. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama ameshaoshwa. Mbaé akasema bado, walikuwa wakimngoja yeye, na maziko yangekuwa baada ya alasiri. Nikaona uso wake umepata nguvu kidogo. Mwanawe amemkosa akiwa hai, lakini atamwosha kwa mikono yake mwenyewe, na jambo hilo lilikuwa halijampita.

Nyumbani tulimkuta mwosha wa pale, Bibi Hayrat, mama mpole sana. Alikuwa ametayarisha maji, pamba, kafuri, sanda na kipande kipya cha sabuni. Wifi akauliza majani yako wapi. Bibi Hayrat akaeleza, nusu Kingazija nusu Kisakalava cha wenyeji, kwamba huku hayapatikani kwa urahisi, na sheria inaruhusu sabuni. Inaruhusu, nani asiyejua? Nikamwona wifi akikitazama kile kikapu, matunda tele na jani hata moja hakuna. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilimwonea huruma.

"Mwanangu si nguo," akasema, "afuliwe kwa sabuni."

Jirani mmoja akampeleka kwenye mti uani kwake alioudhani mkunazi. Wifi akaligeuza jani, kijani juu, kijani chini, akalitupa. Mwingine akasema ameuona mkunazi kijijini Ambatoloaka, kando ya mchanga wa pwani. Ikatokea gari la kubebea maua ya langilangi linakwenda upande ule. Nilimshika mkono wifi yangu, nikamwambia asiende, amwoshe mtoto, Mungu hapimi majani. Akanibandua vidole kimoja kimoja, akapanda gari.

Tukangoja. Adhuhuri ikapita, joto likazidi, na mwili ule uliovimba haukuweza kukaa. Wanaume wakaanza kuita kutoka barazani. Niliwaambia wangoje, nikawaambia tena kwa ukali mpaka wakaninyamazia. Lakini ilipoadhiniwa alasiri hakuna aliyejua gari limekwama wapi, na Mbaé mwenyewe akaja mlangoni akilia, akaniomba. Nikakunja nguo yangu, nikaingia na Bibi Hayrat. Mimi ndiye mkaza mjomba wake, ningemwachia nani? Nilimwosha kwa sabuni, upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto, nikamsuka nywele mikia mitatu. Sijutii hata kidogo, ingawa nililia.

Tulikuwa tumekwisha kufunga sanda Moinaecha alipoingia, leso yake imejaa majani. Yalikuwa yenyewe hasa, na miiba ilikuwa imemchana mikono mpaka viwikoni. Gari liliharibika njiani, amerudi kwa miguu. Bibi Hayrat akasogea penye maiti. Alifungua fundo la kichwani, akamfunulia uso wa mwanawe. Wifi akapitisha vidole chini ya sanda, akazigusa zile nywele.

"Bado mbichi," akasema. "Nywele zake bado mbichi."

Alikuwa akirudia hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, hata wanaume walipoingia kumchukua. Zile kunazi zililiwa na watoto wa matangani, nami sikuwakataza.

Tuliporudi Mahajanga nilidhani ataiacha kazi. Hakuiacha, maana watu hawaachi kufa. Ila Belobaka hakwenda tena. Majani yakiletwa aliyatumia, yasipoletwa hakuuliza. Mwaka uliofuata tukaitwa kwa Tadjiddine, mshonaji, aliyefiwa na binti yake. Mkewe alitupokea mlangoni akihangaika, akitusihi tungoje, mtu ametumwa kutafuta majani na hatachelewa, anataka mwanawe afanyiwe kila kitu sawasawa.

Moinaecha akaitwaa kata mkononi mwangu, akampa yule mama.

"Maji yapo," akamwambia. "Ingia umwoshe mwanao sasa hivi."