Miezi Minne ya Bibi Nyanzobe

Nyumba ya Bibi Nyanzobe ndiyo iliyobaki peke yake pale mlimani juu ya Kigongo. Majirani wote walikwisha kuteremka kijijini, kando ya barabara, kila kaya imepimiwa kiwanja chake kama ilivyoagizwa. Yeye alikataa. Mumewe alipochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita, alimwacha hapo, ndani ya ua wa minyaa, chini ya jiwe kubwa lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Sasa akirudi akakuta pori, atamtafutia wapi?

Mumewe alichukuliwa mwaka 1917. Mwaka huo ulikuwa 1974.

Odeta Rweyemamu alifika kwake mwezi wa nane, wakati wa likizo ya chuo cha ualimu. Mkufunzi wao wa historia, Bwana Venant, alikuwa amewagawa wanachuo wawili wawili na kuwatuma vijijini. "Vitabu mlivyosoma viliandikwa na waliotutawala," aliwaambia. "Nendeni mkawasikilize waliobebeshwa mizigo." Odeta alikuwa mtu wa Bukoba, Kisukuma hakijui, ndipo akapewa Masalu, kijana wa Misungwi, awe mwenzake na mkalimani wake.

Walimkuta Bibi Nyanzobe akifagia njia itokayo mlangoni kwake hadi kwenye lango la minyaa. Ilikuwa njia ya hatua thelathini hivi, na haikuwa na hata jani moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani huyu?"

"Mhaya huyu, bibi," Masalu akajibu. "Kwao ni ndizi asubuhi, ndizi jioni. Umsamehe tu."

"Ndiyo maana ana mashavu. Wewe michembe ya viazi ya mama yako mbona imekukataa?"

Wakacheka, wakaketishwa. Bibi akasimulia, Masalu akatafsiri, Odeta akaandika. Alisimulia jinsi mtemi alivyodaiwa watu na Waingereza, na watumishi wake wakapita nyumba kwa nyumba na amri ya mwanamume mmojammoja. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Kabula, ambaye alikuja kufa kwa ndui. Asubuhi ya kuondoka mumewe hakusema mengi. Alimwambia tu, "Usiache njia ikaota majani." Wanaume wengine walikuja kumposa baadaye, miaka ikipita, wengine watu wazuri kabisa. Aliwapa maji ya kunywa, wakaenda zao.

"Jina lake lilikuwa nani, bibi?" Odeta aliuliza, kalamu mkononi.

Bibi akainamisha macho. Masalu akamkanyaga Odeta mguu. "Usimwaibishe," alinong'ona. "Hajawahi kulitaja jina la mumewe. Kwetu mke halitamki."

"Ni Baba Kabula," bibi akasema.

Jina wakaliulizia kwa mzee Ngosha, jirani yake wa zamani, ambaye sasa alikuwa balozi wa nyumba kumi kule kijijini. Mzee hakusita. "Nkwabi wa Ng'wandu. Tulichunga pamoja." Kisha akawaambia jambo jingine. Mjini kuna ofisi inayotunza madaftari ya Waingereza, na inasemekana humo wameandikwa wapagazi waliofia safarini. Bibi naye alikuwa amelisikia hilo. Alikwisha kumwahidi Ngosha: kama mumewe yumo katika daftari la wafu, atafunga mizigo na kuhama siku hiyohiyo. Kama hayumo, wamwache.

"Mwanangu, katazame," Ngosha alimsihi Odeta. "Mgambo wanapanda kule mwisho wa mwezi. Mimi sitaki wamkute."

Odeta akaenda. Daftari lilikuwa nene, limepangwa kwa herufi. Akafungua penye N, akapitisha kidole juu hadi chini, akarudia mara tatu. Nkwabi hakuwemo. Akalifunga akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Walipanda tena mlimani. Masalu aliposikia la kutafsiri alisita. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Ndiyo ukweli wenyewe," Odeta akasema.

Bibi Nyanzobe alipoambiwa kwamba mumewe hayumo katika wafu, aliingia ndani, akatoka na chungu cha maji, akaanza kukanda udongo. Jioni ile alikandika upya ukuta mzima wa mbele, peke yake, na umri wake ule.

Mgambo walikuja siku ya Alhamisi. Waliomba kwanza. Mmoja wao, mjukuu wa jirani, alipiga hata magoti. Kisha wakang'oa mlango, wakateketeza paa. Bibi alibebwa juu ya kitanda chake hadi kijijini, akapewa chumba nyumbani kwa Ngosha. Kesho yake alfajiri hakuwemo. Walimkuta mlimani, kati ya kuta zisizo na paa, anafagia. Ikawa hivyo kila siku. Mvua za vuli zilipoanza, akawa anakohoa.

Odeta alizijua habari hizo mwezi wa kumi na moja, aliporudi na Masalu kuhakikisha maandishi yake kabla ya kuyakabidhi kwa Bwana Venant. Walikuwa wamekaa kwa Ngosha, Odeta akimsomea mzee yale aliyoyaandika. Alipofika pale mtumishi wa mtemi alipomchukua Nkwabi, Ngosha akamkatiza.

"Hakuchukuliwa Nkwabi. Aliyeandikwa alikuwa kaka yake, Chenge. Lakini Chenge alikuwa na watoto wanne na donda la mguu. Nkwabi akasema, mimi ndiye Chenge, akaenda."

Odeta aliweka kalamu chini. "Mzee, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza anaitwa nani. Hukuniuliza alikwenda kama nani."

"Na bibi alijua?"

"Tulijua sote. Lakini yeye atajuaje kwamba daftari halijui kuwa alikwenda kwa jina la kaka yake? Mliposema mmelisoma, aliona mmelisoma."

Odeta alipanda basi la kwanza kurudi mjini. Safari hii alifungua penye C. Ilikuwa mstari wa sita, hakuhitaji hata kutafuta: Chenge wa Ng'wandu, kuhara damu, Julai 1917. Alisimama mbele ya lile daftari mpaka karani akamwuliza kama anaumwa.

Aliporudi, yeye na Masalu walimkuta Bibi Nyanzobe mlimani ameketi juu ya lile jiwe, ufagio mapajani. Masalu alianza kuzunguka maneno, bibi akamkatiza kwa mkono. Alimtazama Odeta. "Aseme yeye."

Odeta akasema kwa Kiswahili, polepole, na akaomba msamaha. Masalu alitafsiri yote isipokuwa msamaha. Huo ulieleweka.

"Mwezi gani?" bibi aliuliza.

"Wa saba, bibi."

"Wakati wa mavuno ya mtama." Alinyoosha vidole, akavikunja kimoja kimoja, kuanzia mwezi aliochukuliwa mumewe. Vilikuwa vinne. Akavitazama. "Basi nilimsubiri miezi minne," alisema. "Iliyobaki yote nilikuwa nakaa tu."

Upepo wa ziwani ulipita juu ya kuta.

"Umeandika Chenge?" bibi akauliza tena.

"Ndivyo daftari linavyosema."

"Chenge ni shemeji yangu. Amezikwa pale bondeni, nililia msibani kwake. Andika mume wangu." Akafunga macho kama mtu anayekwenda kuruka mto. "Nkwabi," akasema.

Masalu akageuza uso. Odeta aliandika.

Kisha bibi akaegemeza ufagio kwenye jiwe, akaomba mkono wa kumwinua. Walishuka wote watatu kuelekea kijijini. Njia ilikuwa imefagiwa asubuhi ile, michirizi ya ufagio bado mibichi, na nyayo za kwanza kutoka zilikuwa zake mwenyewe.