Nusu ya Pili ya Somo

Juzi kwenye kivuko cha Sengerema nilikaa na mwalimu wetu wa uchumi, sasa mstaafu. Mama muuza dagaa akapiga goti mbele yake.

“Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha. Yule Mskoti wa kale, baba wa uchumi, bado anasomwa?”

“Marahaba. Anasomwa. Kugawana kazi ndiyo uchumi wenyewe.”

“Kikundi chetu Igogo tumegawana. Huyu anaanika, yule anachambua, mwingine anapakia. Ila kila wiki tunabadilishana. Ulisema hata yeye alihofia kwamba anayerudia kazi moja maisha yote, akili inadumaa.”

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

“Hiyo ilikuwa nusu ya pili ya somo, kipindi cha mchana, wenzako walisinzia. Nilidhani nafundisha madawati.”

Wakubwa wanaopanga uchumi wetu hukumbuka nusu ya kwanza ya somo lile. Nusu ya pili iko Igogo, inanukia dagaa.