Katuni Katika Chumba cha Bi Harusi

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa amejilaza na simu yake akitazama katuni za Kijapani, zile za kupigana. Nikachungulia begani kwake. Chini ya picha palikuwa na maandishi yanayoeleza kila linalosemwa. Nikamwambia ayaondoe. Akanitazama kama nimemwambia atoe chumvi kwenye mchuzi, akauliza sasa tutaelewaje. Mwenzangu, ningemweleza nini mtoto huyu? Katuni hizo nilizitazama kabla yeye hajazaliwa, usiku mzima, bila kujua neno moja la Kijapani, na nikaelewa yote yaliyosemwa, hata yale ambayo ingekuwa heri nisiyaelewe.

Ilikuwa Koboko, mji wetu mdogo wa mpakani, mbali na Kampala, katikati ya miaka ya tisini. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, na nyuma kulikuwa na chumba kimoja ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa choo. Siku zote kiliwekwa mtama na baiskeli ya baba. Mwezi ule mtama ukahamishwa, baiskeli ikatolewa, akaingizwa dada yangu. Alikuwa bi harusi. Kwetu sisi Wanubi, bi harusi alifungiwa ndani, jua lisimwone wala mwanaume asimwone, mpaka siku ya kutolewa. Kila siku alisuguliwa kwa dilka, ule unga wa mtama uliokandwa kwa karafuu na mafuta, mpaka ngozi ikawa laini na nyumba nzima ikanukia. Jioni alikalishwa juu ya kishimo chenye makaa na kuni za manukato, amefunikwa blanketi, moshi umpande mwilini. Alitoka humo macho yamevimba. Shangazi alisema ni moshi.

Moshi ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyempelekea chakula, na chakula hakina moshi. Nilimpelekea kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, pamoja na mchuzi wa bamia kavu alioupenda tangu utotoni, na sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Dada alikuwa anasoma kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Arua. Alikuja likizo akakuta wazee wameshakunywa chai ya posa na ukoo wa mfanyabiashara mmoja wa Oli, mtu mzima, mwenye duka na mke. Godoro la dada na sanduku lake bado vilikuwa bwenini. Alitaka kurudi shule, basi, hakuwa na jingine. Alimwambia mama mara moja tu. Mama akamjibu kwa msemo aliokuwa nao kwa kila jambo, tangu sufuria kuungua mpaka vita: mdomo huponza kichwa. Tangu siku ile dada akafunga mdomo, na mimi nililala karibu naye kwenye mkeka nikisikia pumzi zake tu.

Sasa shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa kwa Walugbara kule Adumi, alikuwa mtu wa furaha ya lazima. Ukinuna, atakufurahisha utake usitake. Siku mbili kabla ya harusi akaamua kwamba kinachomsumbua bi harusi ni upweke. Akamtuma mtu kwa kijana mwenye banda la video pale sokoni, alete televisheni, deki na jenereta, na kaseti za harusi za jamaa zetu wa Kampala, ili bi harusi aone wenzake wanavyometameta. Kijana akaja alasiri, akafunga waya, akaweka jenereta nyuma ya jiko, akaacha mfuko wa kaseti kizingitini na kukimbia. Mwanaume hakuruhusiwa mle ndani, na kafyu ilikuwa inaanza jua likizama. Miaka ile magari yalikuwa yakichomwa kwenye barabara ya Arua. Giza likiingia, aliyeonekana njiani alikuwa mali ya wanajeshi au ya waasi, kutegemea nani amemwona kwanza.

Basi tukajifungia. Alikuwapo haboba, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mjane wa askari wa zamani, ameketi kwenye kigoda chake. Alikuwapo mama na birika la chai ya tangawizi, shangazi, jirani yetu Mkakwa, dada amejifunika kanga hadi puani, na mimi. Nyumbani tulizungumza Kinubi, lakini kwa ajili ya jirani tukasema Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha kambini na sokoni ambacho mwalimu wangu alikichapa fimbo kila siku na hakikufa. Shangazi akasukuma kaseti ya kwanza. Tukangoja vigelegele. Akatokea mvulana mwenye nywele za kijani, akaingia ndani ya kifua cha jitu la chuma na kuanza kuvunja mji.

"Bi harusi iko wapi?" haboba akauliza.

"Ngoja, haboba. Labda iko nyuma ya hii chuma," shangazi akasema.

Hakukuwa na bi harusi. Kaseti zote tatu zilikuwa katuni za Kijapani. Kijana alikuwa amechukua mfuko siwo, na hakuna mwanamke ambaye angetoka nje saa ile kumfuata. Mama akataka kuzima. Shangazi akakataa, jenereta inanguruma bure? Tukatazama tulichopewa.

Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, shangazi akajitia mfasiri. Kwenye mabanda ya video kulikuwa na mtu wa kutafsiri kwa kipaza sauti, na ingawa yeye hakuwahi kuingia humo, sauti ilipenya ukutani na alipita hapo na kikapu chake kila siku ya soko. "Mimi nakuja kupiga wewe! Wewe nakula ng'ombe ya watu!" Jitu la chuma likawa mwizi wa mifugo, na mashujaa watano waliokuja kupigana nalo wakawa wanakijiji wa Adumi. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kwa maoni yangu kaseti ile ilikuwa ya kijinga, majitu yanapigana na nyumba za watu zinaanguka na hakuna anayeomba radhi, lakini jirani aliipenda kwa sababu ya rangi. Haboba ndiye aliyeikosoa vizuri. "Askari gani hii? Napiga kelele kwanza, nataja jina, nasema mimi napiga wewe na mkono hii. Babu yenu kama angefanya hivi, mimi ningekuwa mjane zamani sana."

Ya pili ilikuwa ya vijana wanaoshindana ulingoni. Mmoja mwembamba alipigwa, akaanguka, akainuka, akapigwa tena, damu ikitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Akiruka juu, ulikuwa na muda wa kumimina chai, kutia sukari na kukoroga kabla hajashuka. Mama, ambaye alijifanya hatazami, akauliza nani anafua zile nguo. Jirani alimpenda mwembamba yule hadi akatoa machozi. "Huyu mutu iko na moyo," alisema. "Nalala chini, naamka." Mimi nilimwonea huruma, lakini nilimchukia pia kidogo. Nilitaka mtu amtoe mle ulingoni. Katika saa nzima hakuna hata mmoja aliyemwonyesha mlango.

Huko nje risasi zililia mbali, upande wa Arua, mara chache, kisha mbwa. Tukapunguza sauti ya televisheni. Nilitaka kwenda haja ndogo, nikaambiwa nitumie ndoo ya pembeni. Chumba kilikuwa na joto, dilka na moshi wa petroli vimechanganyika, na ukuta ule wa choo dirishani. Ndipo niliposikia ndani ya kifua changu jinsi dada alivyokaa humo wiki zote zile. Na mimi nilikuwa na usiku mmoja tu.

Kaseti ya tatu ilikuwa ya msichana. Alibeba upepeo wa chuma, akaufungua na kukata nao miti. Alifika kwenye daraja juu ya korongo, na katikati ya daraja alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na nasema hivyo hadi leo. Hakukuwa na kelele nyingi. Wawili wale walitazamana tu, upepo ukavuma. Shangazi sauti ilikuwa imemkauka kwa kunguruma kama majitu, akanyoosha mkono kuchukua chai. Msichana wa kwenye picha akafungua mdomo. Na sauti ikatoka chini ya kanga.

"Mzee, toka njiani. Mimi nataka kupita."

Tukacheka kwa furaha, bi harusi amesema! Shangazi akapiga makofi. Msichana akasogea hatua moja, akasema tena kitu kirefu cha Kijapani, na dada akakifasiri, macho yake kwenye kioo.

"Kule mnanipeleka, mimi hapana taka. Mimi iko na vitabu yangu Arua. Hapana mutu aliniuliza. Uliza mimi, mzee. Mara moja tu."

Kicheko kikaisha. Mama akainua kifuniko cha birika akachungulia ndani, ingawa alijua birika ni tupu. Jirani akatazama miguu yake. Shangazi ndiye aliyejaribu kuokoa mambo, akampa mzee sauti nzito: "Binti, neno shatoka. Wanaume shasema. Maji shamwagika."

"Wewe hapana mzee," dada akamkata. "Mzee bado hajafungua mdomo."

Ni kweli, kwenye picha mzee alikuwa kimya. Kisha ndevu zikatikisika, akaanza kusema, polepole. Shangazi hakuthubutu tena. Nikasikia kigoda kikilia, haboba amejisogeza mbele.

"Mtoto," haboba akasema, "masikio yangu iko. Mimi nasikia wewe vizuri. Lakini huyu mzee hapana jenga hii daraja. Yeye pia walimleta hapa, mtoto kama wewe, wakampa fimbo, wakasema simama. Yeye nasimama mpaka nywele yake nakuwa nyeupe. Kufungua njia, hapana mutu alimfundisha."

Mwenzangu, nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba haboba hakuwa akisema habari za Wajapani. Sijapata kusikia tena mtu mzima akisema ukweli mkubwa namna ile mbele ya watoto. Sote tukageukia kioo kuona fimbo itapigwaje.

Haikupigwa. Mzee wa kwenye picha aliinama, akaiweka fimbo chini, akasogea pembeni kidogo, hatua moja tu, na msichana akapita.

Hakuna aliyefasiri. Mimi nikapiga makofi, peke yangu, mpaka mama akanishika mkono. "Hii katuni tu," shangazi akasema, kwa sauti yake ya kawaida. Dada akaugeukia ukuta, na tukabaki tunatazama msichana yule akitembea upande wa pili wa korongo, akizungumza na watu tusiowajua kwa maneno ambayo hakuna aliyeyajali tena.

Jumapili alitolewa, ngoma zikapigwa, vigelegele vikapigwa, na alipendeza kweli. Haboba alibaki ndani, akisema miguu inauma. Siku hizi Koboko mambo ni mengine. Chumba kile kimebomolewa, pamejengwa maduka. Mabibi harusi hufungiwa siku tatu, nne, wengine wanapakwa tu saluni asubuhi ya harusi wakiwa na simu mkononi. Haboba alifariki muda mrefu uliopita, shangazi naye. Namkosa yule shangazi na kelele zake. Nakosa harufu ya dilka, naona haya kusema hivyo, lakini naikosa. Hata kile Kiswahili chetu kinapungua, vijana wanasema cha redioni.

Dada yuko Oli hadi leo. Ana wajukuu, ana duka lake mwenyewe, hukaa mlangoni akiwasomea majirani barua na karatasi za dawa. Mwaka jana nilimtembelea, tukakumbuka majitu ya chuma na wizi wa ng'ombe, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikamwambia nimekuwa nikiwaza maneno ya haboba miaka yote, kwamba ni maneno mazuri mno. Akaacha kucheka.

"Mazuri, ndiyo," akasema. "Lakini usiku ule wote nilikuwa nangoja mtu mmoja azime ile televisheni, halafu ayaseme kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa mdomo wa katuni."