Feni Tatu za Kiplombe

Mgongo uliponilazimisha kuacha ualimu, nilianza kuwasomea vitabu wanafunzi wasioona wa shule moja hapa Eldoret. Nilijirekodi nikiwa nyumbani Kiplombe, kwa kompyuta ya mezani niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia mtaa wa Elgon View. Sauti nilikuwa nayo. Shida ilikuwa zile feni tatu za kupoza kompyuta: zilivuma tangu naiwasha hadi naizima.

Nilituma sura ya kwanza ya kitabu cha historia. Mwalimu wao, mama ambaye pia haoni, akanipigia simu. Aliniambia kwa upole kwamba watoto walisikiliza kidogo tu, kisha wakauliza kama nasomea ndani ya posho mill, kule wanakosaga mahindi.

Nikaifunika kompyuta kwa blanketi. Ikachemka, ikajizima nikiwa katikati ya sentensi. Kaka yangu akanishauri nichomoe feni mbili; ikajizima tena. Basi akasema imezeeka, niachane nayo. Nilikataa. Mtu aliyefundisha darasa la nane miaka yote hiyo hashindwi na feni.

Nikarekodi ule mlio peke yake, nikamtumia mwalimu, nikamwomba anisikilizie. Alinipigia siku hiyo hiyo.

"Huu mlio haupandi wala haushuki," akasema. "Kompyuta ikiwa baridi ni huo, ikipata moto ni huo huo. Hizo feni hakuna kitu zinaambiwa."

Hapo nikapata pa kuanzia. Nilizima umeme, nikafungua kasha, nikafuata nyaya kwa kidole. Kichwa cha waya wa kila feni kilikuwa na matundu matatu, lakini pale kilipochomekwa palikuwa na pini nne. Nikasoma kwa simu mpaka nikaelewa: amri ya kupunguza kasi ilikuwa inapitia pini ya nne, na feni zangu hazikuwa na waya wa kuipokea. Kwa hivyo zilikimbia tu kwa nguvu zote. Ilibidi niiambie kompyuta ipunguze umeme wenyewe unaoziendea.

Nikaiwasha huku nabonyeza kitufe cha Delete, nikaingia kwenye setingi zake za ndani. Upande wa feni paliandikwa PWM, yaani amri ya pini ya nne; nikaweka DC, yaani kupunguza umeme wenyewe. Chini yake kulikuwa na mchoro wa kasi na joto. Nikauvuta mstari chini kabisa pale penye baridi, nikauacha uinuke joto linapozidi.

Mlio ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, nikasikia kuku wa jirani wakichakura nje ya dirisha. Nilidhani nimeiua. Nikachungulia ndani: feni zote tatu zilikuwa zinazunguka, taratibu, bila wasiwasi. Nilicheka peke yangu, nikasimama nikacheza kidogo, mgongo na yote.

Kaka yangu alikuja akaniuliza kama imewaka. Nikamwambia aweke mkono nyuma ya kompyuta asikie upepo. Aliuweka, akautoa, akauweka tena. Akaomba nikamfanyie na yake.

Nilisoma ile sura upya asubuhi iliyofuata, nikaituma. Mwalimu aliniwekea simu katikati ya darasa, na msichana mmoja akaombwa azungumze nami kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu, leo tumekusikia hata ukifungua ukurasa," akasema. "Tunaomba sura ya pili."

Kabla ya shule kufungwa nilikuwa nimewasomea kitabu kizima.