Vichupa Viwili Visivyo na Majina

Mwanangu, nakumbuka siku moja hadi harufu yake, harufu ya spiriti na majani ya migomba yaliyolowa. Nilikuwa mwanafunzi wa umri wako hapa Morogoro, nikitafuta vimelea vinavyoishi ndani ya vyura wa Uluguru. Vingine ni vidogo mno, huvioni bila hadubini.

Huko mlimani, juu ya kijiji cha Mlali, nilikuwa nimepata vyura wa aina mbili: mdogo wa kahawia anayejificha kwenye makwapa ya majani ya migomba, na mkubwa mwenye vipele, wa kando ya mfereji wa mboga. Nyongo ya kila mmoja niliihifadhi katika kichupa chake cha spiriti, na lebo nikaitumbukiza humo humo. Siku hiyo mwalimu wangu alichungulia tone kutoka kichupa kimoja, akaona kitu ambacho hajawahi kukiona: mfano wa punje ya mchele yenye nukta mbili kama macho.

"Huyu ni mgeni kabisa," alisema kwa furaha. "Niletee jina la chura alimotoka, tuandike."

Nikarudi kwenye vichupa. Lebo zote mbili zilikuwa nyeupe. Spiriti ilikuwa imeyeyusha wino.

Mzee Mkude, fundi wa maabara, alikuwa akiosha vioo karibu nami.

"Uliandika na nini, binti?"

"Kalamu ya bluu, mzee."

"Ya bluu! Ulikuwa unamwandikia mchumba? Si nilikwambia lebo ya kwenye spiriti ni penseli?"

"Lakini nadhani hiki ni cha yule wa mgombani."

Akaweka kioo chini. "Unadhani. Ukimwokota mtoto aliyepotea sokoni, utamkabidhi kwa mama yeyote unayemdhania?"

Elewa, mwanangu: kimelea kipya huandikwa pamoja na mnyama anayekibeba. Ningebahatisha, hakuna ambaye angenishtukia, ila kila atakayesoma baada yangu angeanzia kwenye uongo. Ningesema kweli, ningechelewa kumaliza masomo, na nyumbani walikuwa wananisubiri. Lakini mficha uchi hazai. Nikaenda kwa mwalimu nikamweleza. Alivua miwani, kisha akasema, "Basi rudi mlimani."

Nikarudi kwa Mama Perpetua, mkulima wa mboga aliyenionyesha vyura wale mara ya kwanza. Nilipomwamkia alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Marahaba. Umerudi tena? Vyura wetu wamekukosea nini?"

Nilipomsimulia habari ya wino, alicheka hadi akakaa kwenye tuta la kabichi. Kisha akaacha palizi yake, akaniongoza siku nne, mgomba kwa mgomba, mfereji kwa mfereji.

Safari hii niliandika kwa penseli. Nyongo za vyura wa migombani zote zilikuwa safi. Yule mgeni mwenye macho mawili alikuwa ndani ya mkubwa wa mferejini. Nami nilikuwa tayari kuapa kinyume chake!

Nilipompelekea Mzee Mkude habari, hakunisimanga. Alivunja penseli yake vipande viwili, akanipa chenye ncha. Nashukuru mpaka leo: kwa aliyenikemea mapema, kwa aliyenirudisha mlimani, na kwa mama aliyeacha palizi yake kwa ajili ya kosa langu.

Leo asubuhi nimekuona ukiandika lebo kwa wino, ndiyo maana nimeyakumbuka haya yote. Kipande kile cha penseli sasa ni kifupi kama kidole cha mtoto. Nimekiweka kando ya hadubini yako. Usiposhika jingine, shika hili: pale usipojua, andika kwamba hujui. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Na anayekukemea kwa haki, usimkimbie, maana anakupunguzia safari.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono mtulivu, mwanangu, na akujalie kumfikisha nyumbani kwake kila mgeni utakayemkuta.